Mwaka wa Maziwa ya Moshi

Juzi Mama Atieno alikuja kunitembelea hapa Kaplong, na kabla hajaketi tulikuwa tumepiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ua akidhani kuna msiba. Zaidi ya miaka thelathini hatujaonana! Alinishika mashavu kwa mikono yake mikubwa, akanigeuza huku na huku, akasema, "Chepkirui, umenona. Umekuwa mama wa kanisa kabisa." Nikamjibu kwamba yeye ndiye amebaki vilevile, ila meno mawili yametangulia mbele ya haki. Tulicheka hadi chai ikapoa, nikaipasha moto, ikapoa tena. Wanangu wananijua kama mama msumbufu wa maji. Maji ya kuoshea mboga lazima yaende kwenye sukuma wiki, maji ya kufulia lazima yasafishe choo, na atakayeacha mfereji wazi akipiga mswaki atanisikia kutoka upande ule mwingine wa boma. Wao husema ni ubahili. Siku hiyo walikaa sebuleni wakamsikiliza mgeni akitaja mwaka ule, na kwa mara ya kwanza wakaanza kuniuliza maswali ya maana. Basi ngoja niueleze vizuri, maana Mama Atieno akianza kicheko hamalizi habari.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeajiriwa kupima maziwa katika kituo cha kupoza cha wakulima, juu ya kilima upande wa Merigi, pale mashamba ya chai yanapoishia na malisho yanapoanza. Kabla yangu hakuna mwanamke aliyewahi kushika kazi hiyo, na nilitaka kila mtu alijue hilo. Chumba changu kilikuwa kidogo kama ghala la mahindi: meza, dirisha lenye kioo kimoja kilichopasuka, chupa ya spiriti ya kutambua maziwa yaliyochacha, na kipimo cha kioo cha kuelea ndani ya maziwa kuonyesha kama mtu ameongeza maji. Nje kulikuwa na jukwaa la kupokelea mikebe, ile ya alumini yenye mifuniko mizito, kisha sakafu ya saruji ambako Mama Atieno na wenzake wawili waliosha mikebe hiyo kabla wakulima hawajarudi nayo nyumbani. Mama Atieno alikuwa ametoka upande wa ziwa, mumewe akifanya kazi katika kiwanda cha chai. Ndani ulisimama mtambo wa kupoza, ukuta wa chuma wenye mikunjo. Maji baridi ya chemchemi yalipita ndani ya mabomba yake, maziwa yakateremka kwa nje, membamba kama shuka, na yakifika chini yamekwisha kupoa. Yale maji yalitokea upande wa pili yakaingia mtaroni. Nyuma kabisa kulikuwa na chumba cha injini, ufalme wa fundi Njoroge, mtu aliyeongea na mashine kwa Kikuyu, na watu kwa shida. Kila asubuhi saa kumi na mbili mahali pote palijaa mvuke, kelele za mikebe, salamu na porojo. Nilipapenda! Hata leo nikisikia mfuniko wa sufuria ukianguka, moyo unaruka kwa furaha.

Mwaka huo mvua ndefu hazikuja. Tulingoja Machi, tukangoja Aprili, mawingu yakawa yanapita juu yetu kama wageni wasiotujua. Wachumaji chai walikuwa wakirudi na vikapu visivyofika nusu. Chemchemi yetu, ambayo wazee waliapa haijawahi kupungua, ikaanza kupungua. Pampu ya kituo ilianza kuvuta alfajiri, na ilipofika saa nne kina mama wa kijiji waliteka matope. Basi asubuhi moja wakaja wazee wa kamati ya chemchemi, wakiongozwa na Mzee Arap Koskei, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha unyamaze ili umsikie. Alisema hivi mbele ya wakulima wote: "Sisi hatutaki kufunga kituo. Maziwa ni yetu. Lakini watoto pia ni wetu. Tunawapatia wiki tatu. Mkipunguza hiyo maji nusu, mtaendelea. Mkikosa, tutafunga pampu na mnyororo." Kila mtu alijua maana yake. Pampu ikifungwa kituo kimekufa, maana kituo kingine kilikuwa mbali mno kufikika kabla maziwa hayajaganda. Meneja wetu, Bwana Rono, alikuwa amekwisha kutunong'onezea kwamba hata kabla ya hapo angeanza kupunguza watu, na angeanza na waoshaji. Mama Atieno alikuwa akisuuza mkebe huku akisikiliza. Niliona mikono yake ikisimama.

Sasa, mdomo uliponza kichwa. Bwana Rono alikuwa bado anakohoa ili ajibu kwa adabu, mimi nikapaza sauti kutoka jukwaani, "Wiki tatu ni nyingi, mzee! Tutapunguza!" Arap Koskei akanitazama, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Haya. Tumesikia." Wakaondoka. Bwana Rono akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Tutapunguza namna gani, Chepkirui?" Kufika jioni nilikuwa nimepata jibu, na lilinifurahisha kiasi kwamba sikulala vizuri. Maji mengi ya kituo yaliishia kwenye mikebe. Je, sisi tukiisuuza tu, kina mama wakaisugua wenyewe nyumbani? Asubuhi iliyofuata nikapanda juu ya mizani, nikahutubia kama diwani. "Kina mama! Bibi zetu walisafisha sotet bila ndoo ya maji! Kikombe kimoja tu kilitosha, na maziwa yalikaa wiki mbili bila kuharibika! Mkebe ni kitu gani?" Walinipigia makofi. Kogo Tapkigen, bibi mzee kuliko wakulima wetu wote, alisema, "Huyu mtoto amefundishwa vizuri."

Kwa asiyejua, sotet ni kibuyu cha kugandishia mursik, maziwa yetu ya heshima. Hakioshwi kama sahani. Unakisugua ndani kwa ufagio mwembamba uitwao sosiot, kisha unachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka ncha iwe kaa jekundu, unakizungusha ndani ya kibuyu na kupondaponda mkaa wake ukutani. Moshi na mkaa ndivyo vinavyosafisha, ndivyo vinavyoyapa maziwa harufu yake na ile rangi ya kijivu inayopendeza. Mimi niliposema sotet nilikuwa nikitoa mfano. Kina mama hawakusikia mfano. Walisikia maagizo, tena ya mtu wa ofisi, na wakayatii nyumba hadi nyumba.

Siku ya tatu nilikuwa na mafua. Hilo ndilo jambo dogo lililoniangusha, kwa sababu kipimo cha kwanza cha maziwa si kioo wala spiriti, ni pua. Nilifungua mifuniko, nikainama kama kawaida, sikunusa kitu, na katika giza na mvuke wa alfajiri rangi sikuiona. Kipimo kilielea vizuri. Spiriti haikugandisha. "Pita! Pita! Pita!" nilikuwa nikisema, na mikebe ikamiminwa mmoja baada ya mwingine mpaka tangi likajaa. Kweli, Mama Atieno alinisogelea mara moja akasema, "Nyathina, mtoto wangu, hii maziwa iko na harufu ya jikoni." Nikamwambia labda ni moshi wa injini ya Njoroge. Saa tatu lori la kubeba maziwa likafika. Dereva akapanda ngazi, akafungua mfuniko wa tangi, akaingiza uso, akautoa upesi akiwa ameshika pua. "Nyinyi watu! Hii ni maziwa ama ni mursik?" Tukachungulia. Maziwa yote ya kilima yalikuwa yamechukua rangi ya anga la mvua, ile mvua tuliyonyimwa, na vichembe vyeusi vikielea juu. Lori liligeuka likaenda zake tupu. Nilitamani ardhi inimeze. Bwana Rono hakunigombeza hata kidogo, aliingia ofisini akafunga mlango, na hilo liliniuma zaidi.

Aliyetuokoa na aibu siku hiyo ni Kogo Tapkigen. Alikuwa bado yuko uwanjani. Alipoelewa lililotokea alicheka hadi akakaa chini, akajifuta machozi kwa leso, akaomba kikombe. Akachota, akaonja, akaonja tena. "Nani anasema hii imeharibika?" akauliza. "Hii imeanza safari tu. Wacha tuimalizie." Akatuma neno, na kabla ya adhuhuri uwanja ulijaa kina mama na vibuyu, sufuria, ndoo, kila mmoja akidai maziwa yake wakati hakuna aliyeweza kuyatambua, wakitaniana na kusukumana, huku mimi nikichota kwa kata, nikilia na kucheka kwa pamoja. Hakuna tone lililomwagwa. Lakini ilibidi tangi lisuguliwe ule moshi utoke, na mikebe yote pamoja nalo, mara mbili, mara tatu. Siku hiyo pampu haikuzimwa hadi alasiri. Mimi niliyeahidi kupunguza maji nusu, niliyatumia maradufu. Kina mama wa chemchemini walipita njiani na madebe matupu bila kunisalimu.

Wiki moja baadaye mursik ilikuwa tayari, na Kogo akatuletea kituoni kibuyu kizima, "dawa ya aibu" kama alivyokiita. Tulikubaliana tule katika chumba cha injini kwa kuwa kulikuwa na joto. Mama Atieno alipika ugali mgumu wa kwao, mimi nikaleta mboga. Nilikuwa nikinawa mikono nje ya mlango niliposikia sauti ya Njoroge ndani. "Mama, usiambie huyo msichana. Atapanda tena juu ya mizani atangazie soko yote." Mama Atieno akajibu, "Lakini si ni maji ya kutupa? Kama Bwana Rono ataniachisha kazi, aniachishe nikiwa nimesema." Sikungoja. Nikausukuma mlango na mikono inachuruzika. "Maji gani?" Walinitazama kama watoto waliokamatwa na sukari mdomoni. Njoroge akashusha pumzi, akasema, "Ngai. Haya, muonyeshe."

Mama Atieno akanipeleka nyuma ya ukuta wa kuoshea. Pale yale maji ya mtambo yalipotokea kuingia mtaroni, alikuwa ametega gamba la mgomba, limeelekezwa kwenye karai lililofichwa chini ya gunia. Nikatia mkono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu! Bila shaka yangekuwa hivyo, joto la maziwa lilikuwa limehamia ndani yake, na mimi niliyesomea mambo hayo darasani nilipita hapo kila siku bila kuyawaza. Yalikuwa safi pia, kwa kuwa maziwa yalipita nje ya mabomba na maji ndani, hayakugusana hata siku moja. Bwana Rono alikuwa amepiga marufuku kuyagusa kwa sababu "yametumika." Miezi miwili Mama Atieno alikuwa akioshea mikebe yake kwa maji hayo kwa siri. "Mafuta ya maziwa inatoka haraka na maji ya moto," aliniambia. "Hii baridi ya kwenu unaosha mara nne, bado inateleza. Na hii naosha mara moja." Nilikumbuka kwamba mikebe yake ndiyo iliyokuwa misafi kuliko yote, na kwamba yeye ndiye aliyemaliza wa kwanza kila siku, nami nilidhani ni nguvu tu za mikono. Nilimkumbatia, nikampakaa maji mgongoni. Ugali ulipoa. Tuliula tukiwa tumesimama, tukiongea wote kwa pamoja, mursik ikizunguka katika kikombe kimoja. Mama Atieno alikunja uso kwa funda la kwanza, akaomba la pili, na la tatu hakuomba, alijichukulia.

Kumshawishi Bwana Rono kulikuwa kazi nyingine. "Maji yaliyotumika ni maji machafu," alisema, na hakutoka hapo. Basi nikachota kikombe kutoka kwenye gamba la mgomba, nikanywa chote mbele ya meza yake. Alinitazama sana. "Tutangoja siku tatu," akasema. "Tuone." Na kweli tulingoja! Kila asubuhi alinikuta jukwaani na kuniuliza neno moja tu, "Tumbo?" Nami nikajibu, "Salama, bwana." Njoroge alikuwa amekwisha kuanza kuunganisha mabomba ya zamani bila ruhusa. Siku ya nne asubuhi Bwana Rono aliuliza, "Tumbo?" nikamjibu, akasema, "Basi unganisheni hiyo bomba yenu," akaenda zake akijifanya hana furaha.

Siku zile sita zilizobaki zilikuwa za raha kuliko sikukuu. Njoroge aliinua pipa juu ya mawe likapokea maji ya mtambo, na kutoka hapo yakashuka yenyewe hadi sakafu ya kuoshea. Mama Atieno alipanga mapipa mengine matatu na kutufundisha mwendo wake. Mkebe mchafu unaanza pipa la mwisho, unapanda la kati, unamalizia la kwanza lenye maji mapya. Maji yakichoka katika la kwanza hayamwagwi, yanashushwa kwenye la kati, ya kati yanashuka la mwisho. Na ya mwisho kabisa, meupe kwa mabaki ya maziwa, yalibebwa na Kogo Tapkigen kwa ndama wake, ambao walianza kunenepa kwa namna iliyozua wivu. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakuwahi kufanya kazi na Mama Atieno. Tulilowa, tuliimba, tulishindana nani atamaliza mikebe kumi kwanza, na kila siku Njoroge alitoka chumbani kwake akitangaza saa aliyoizima pampu, tatu na nusu, tatu, mbili na nusu, nasi tukashangilia kila tangazo kama bao. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeona kitu kikifaulu mbele ya macho yake. Sijui kama nimewahi kuipata tena kwa kiwango kile.

Siku ya mwisho wazee walipanda kilima saa tatu asubuhi. Kijana mmoja wao alikuwa amebeba mnyororo begani. Walikuta pampu imenyamaza, na Arap Koskei akauliza kwa masikitiko ya kweli, "Imekufa?" Njoroge akasema, "Hapana mzee. Imeshiba." Tukateremka wote pamoja hadi chemchemini, wakulima nyuma yetu. Kina mama walikuwa wanateka, na hakuna aliyekuwa akigombana. Maji yalikuwa yamefika kwenye jiwe pana ambalo hatukuwa tumeliona likilowa tangu Februari. Arap Koskei aliinama, akachovya vidole. Kisha akamgeukia Bwana Rono. "Nani alifikiria hii?" Bwana Rono hakusita. Akanishika bega, akasema, "Ni huyu mpimaji wetu, Chepkirui."

Watu wote walinitazama. Nitasema ukweli, ilikuwa tamu. Nilikuwa nimebeba aibu ya moshi wiki mbili, watoto wananiita Senetwet njiani, na hapa heshima yangu ilikuwa imerudishwa yote kwa sentensi moja ambayo hata sikuisema mimi. Njoroge alitazama viatu vyake. Hakuna ambaye angenipinga. Ndipo nikasikia makofi nyuma ya watu, nikageuka, nikamwona Mama Atieno katika mabuti yake, amelowa hadi kiunoni, ananipigia makofi. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Alinifurahia kwa moyo wote.

"Wazee, si mimi," nikasema. "Mimi ni wa moshi." Wakacheka, nikangoja wamalize. "Ni Mama Atieno, mwosha mikebe. Sisi sote tulikuwa tunapita, yeye ndiye aliona." Wakamfungulia njia. Alisogea mbele akijifuta mikono kwenye sketi, macho chini. "Mimi sikufanya kitu, wazee wangu," alisema. "Asubuhi hapa kwenu ni baridi sana. Mikono ilikuwa inauma."

Arap Koskei aliwageukia wenzake. Akazungumza nao kidogo kwa Kipsigis, mmoja akapinga, mzee akamjibu kwa neno moja, yule akatulia. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, ili Mama Atieno mwenyewe asikie. "Kamati ya hii chemchemi iko na watu saba. Wote ni wa hapa, wote ni wanaume. Hakuna mmoja wetu ameosha mkebe. Mama, kesho ukuje ukae na sisi. Wewe utakuwa wa nane."

Mama Atieno aliinua macho. Alinigeukia, akanishika mkono, vidole vyake vikiwa bado vya moto kutokana na kazi. "Amesema nini?" akaninong'oneza, yeye aliyekielewa Kiswahili kile sawasawa na mimi. Nikamrudishia maneno yale yote, moja baada ya jingine, bila kuongeza langu.